Mlango Ukiwa Wazi, Nipo

Bweni la wasichana, chumba namba 14
Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na makopo yako ya rangi. Mimi sijambo, ila kitanda changu ni cha juu na mwenzangu wa chini anapigana na watu usingizini, hivyo naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mwambie Mama sweta aliyonifumia imefika. Mikono inanienea, kifua kinanienea, ila shingo haipitishi kichwa.

Nakuandikia kwa sababu wewe mwenyewe umeikataa simu. Ulisema maneno ya simu yanayeyuka, na mtu aliyejipatia riziki maisha yake yote kwa kuandika vibao vya maduka hawezi kuyaamini. Haya, yashike haya.

Muhula huu tumepewa somo la mantiki, na ni la lazima. Nilifurahi nikidhani ni somo la kubishana, maana si bure mlinibandika jina la Kwanini. Kumbe ni somo la kunyamazishwa. Mwalimu wetu ni mama mfupi anayevaa koti hata jua likiwa kali, na swali lake ni moja: "Kauli imesema nini?" Ukimjibu unachodhani ilimaanisha, anafumba macho mpaka umalize.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni: Mvua ikinyesha, nguo zitalowa. Akauliza, "Mvua haikunyesha, nguo zimelowa. Je, nimesema uongo?" Darasa zima tukapiga kelele, ndiyo! Akasema hapana. Amesema habari ya mvua kunyesha tu. Isiponyesha, yeye hakuahidi kitu. Kama mtu kamwaga ndoo, mmuulize mwenye ndoo.

Kisha akatuambia, "Watoto wangu wote ni marubani." Tukampigia makofi. Akasema hana mtoto hata mmoja. Tukamwambia basi ametudanganya. Akajibu, "Nionyesheni mtoto wangu mmoja tu ambaye si rubani." Tukatazamana. "Basi nimesema kweli." Nusu ya darasa walitoka wakilalamika kuumwa kichwa.

Nikakikumbuka kibao cha mlango wa karakana yako: MLANGO UKIWA WAZI, NIPO. Kwa mantiki, mlango ukifungwa kibao hakijasema lolote. Ulijua hivyo ulipokiandika?

Mpwa wako wa kitanda cha juu,
Kwanini


Karakana ya vibao
Tarehe 21 Februari

Kwako mpwa wangu Kwanini,

Marahaba, tena marahaba. Huku wote wazima. Dada yangu, yaani mama yako, amekataa habari za shingo ya sweta. Anasema sweta haina kosa, kosa ni kichwa, kimevimba kwa masomo. Fundi baiskeli wa mkabala na mimi ameoa tena. Alikuja kuniagiza kibao kipya chenye jina la mke wa pili, huku wa kwanza amesimama nyuma yake na spana. Nikamwambia rangi imekwisha.

Huyo mwalimu wako ningempa kazi kesho asubuhi. Hayo anayowafundisha mimi yalinitia aibu zamani. Niliandika kibao kwenye mlango wa daktari wa meno: ASIYEVUA VIATU ASIINGIE. Mwashi mmoja mtu mzima akavua viatu vyake, akaingia, akakaa kwenye kiti cha kung'olea. Daktari akamuuliza jino lipi linauma. "Hakuna." "Sasa umefuata nini?" "Nimevua viatu." Ilibidi niitwe mimi nije nimtoe. Nilimweleza kwamba kibao kimekataza wenye viatu, hakikumkaribisha kila mwenye miguu mitupu. Alinitazama akasema, "Mngeandika hivyo."

Kuhusu kibao changu, nilikuwa na maana moja: mlango ukifungwa sipo, niacheni. Ukweli ni kwamba mara nyingi nipo, nimejilaza kwenye benchi. Lakini watu wana adabu.

Kazi ni nzuri. Kwa vibao vyote nilivyoandika mwezi huu, hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika.

Soma kwa bidii, ule, ulale, hata kama wa chini anapigana.
Mjomba wako


Chumba namba 14
Tarehe 14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa salama. Mwenzangu wa chini sasa anapiga na mateke, na hodari wa chumba chetu, anayesomea udaktari, amesema anataka kumfanyia utafiti. Bomba la ghorofa yetu linatoa maji saa moja tu kwa siku, na saa yenyewe linajichagulia. Msalimie mke wa kwanza wa fundi baiskeli, nipo upande wake.

Tumefanya jaribio la kwanza la mantiki. Maswali yote niliyoyapata, nimepewa alama zake kamili.

Mjomba, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma kwa macho ya mwalimu. Umeandika, kwa vibao vyote ulivyoandika, hakuna aliyelalamika. Nauliza tu, kwa heshima zote: uliandika vibao vingapi?

Na mbona herufi zako zimekuwa kubwa hivi? Barua ya mwaka jana ilikuwa ukurasa mmoja. Hii ni kurasa tisa.

Mpwa wako mdadisi


Karakana ya vibao
Tarehe 2 Aprili

Mpwa,

Wote wazima.

Karatasi za siku hizi ni kubwa.

Vibao: sifuri. Februari ni mwezi mfupi.

Usijali.

Hayo maswali uliyoyapata ni mangapi?

Mjomba


Chumba namba 14
Tarehe 19 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mko wazima, ingawa kwa upande wako nimeanza kutumainia zaidi kuliko kujua.

Mama amenipigia simu. Baada ya salamu na habari za sweta, alisema hivi, namnukuu: "Mwanangu, kuhusu macho ya mjomba wako nimekatazwa kusema chochote, kwa hiyo sisemi." Kisha akaeleza, bila kusema chochote, kwamba kinyozi alikuagiza umwandikie orodha ya huduma kwenye ukuta wake. Wewe ukaweka ngazi, ukafanya kazi kutwa nzima kwa mwandiko safi kabisa, ila ukuta uliouandika ni wa jirani yake, mwenye bucha. Sasa watu wanapita pale wanasoma KUNYOA KICHWA, KUNYOA NDEVU, WATOTO TUNAWABEMBELEZA, na chini yake limening'inia paja la ng'ombe.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, Mjomba, halafu nikaacha ghafla. Kuta hizo mbili hazifanani. Moja ni nyeupe na nyingine ni nyekundu!

Nenda kwa daktari wa macho. Kama umeshakwenda, niambie alichosema, si ulichodhani amemaanisha.

Kwanini


Karakana ya vibao
Tarehe 10 Mei

Kwako Kwanini,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Tupo wazima. Mama yako amekana kukumwagia mtama, anasema yeye alikataa kusema na wewe ukamsikia. Mwenye bucha hajakasirika. Anasema tangu siku ile wateja wameongezeka, wanakuja kucheka na wanaondoka na kilo. Aliyenuna ni kinyozi.

Haya, nakuambia. Nimekwenda. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Barua zako ananisomea mama yako, kwa hiyo punguza maneno kuhusu shingo ya sweta, maana kila akifika hapo ananifokea mimi. Daktari amesema wanapasua jicho moja kwanza, la pili baadaye, kazi ya nusu saa, na nisipokwenda mwaka huu nitabaki kuona mwanga wa dirisha tu. Aliyasema kwa wepesi kama anaagiza chai.

Kwanini, naogopa. Sikuwahi kuogopa ngazi. Nimening'inia ghorofa ya nne na brashi mdomoni nikipiga mluzi. Lakini mtu anijie na kisu jichoni! Nikifumba atapasua nini, na nisipofumba nitaona nini? Nililala siku mbili sijagusa rangi.

Usinione mkaidi, lakini. Naweka ahadi, naiandika kwa mkono wangu na kutia sahihi: Ukifaulu somo la mantiki, nitakwenda kupasuliwa. Nikisema nimesema. Mtaa mzima unajua sijawahi kurudisha neno.

Mjomba wako, sahihi yangu hii hapa, inachukua nusu ukurasa


Chumba namba 14
Tarehe 30 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama nimsalimie hapahapa, kwa kuwa ndiye anayesoma: Mama, shikamoo, sweta ni nzuri.

Matokeo yametoka. Ya kufaulu ni arobaini. Nimepata thelathini na nane.

Nililia kitandani mpaka yule wa chini akaacha kupigana akaniuliza nani amekufa. Sikulilia alama. Niliona nimekupofusha kwa alama mbili.

Nikaenda ofisini kwa mwalimu na barua yako. Kabla sijakaa akasema, "Alama haziongezwi." Nikamwambia sikufuata alama, nimefuata jicho. Akasoma. Alipofikia ile sahihi yako, Mjomba, alivua koti. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliona lile koti limevuliwa. Akasema, "Kauli imesema nini?" na akanichorea jedwali.

Mistari ni minne. Nimefaulu, umekwenda: ahadi imetimia. Nimefaulu, hukwenda: ahadi imevunjwa, na hapo tu ndipo inapovunjika. Nimefeli, hukwenda: haijavunjwa. Nimefeli, umekwenda: haijavunjwa vilevile! Hukusema kama nikifeli hutakwenda. Umeahidi habari ya kufaulu, kuhusu kufeli hukuahidi kitu, kama ile mvua na nguo. Unaweza kwenda kesho asubuhi na neno lako likabaki zima, bila mkwaruzo.

Kisha akaniuliza, "Hili ndilo swali ulilokosa kwenye mtihani, sivyo?" Ndilo. Lilikuwa la alama tano.

Mtihani wa marudio ni Septemba. Nakuomba usiungojee. Hakuna neno hata moja, kati ya yote uliyoandika, linalokukataza kwenda.

Mpwa wako aliyefeli,
Kwanini


Karakana ya vibao
Tarehe 18 Julai

Kwako mpwa,

Pole sana kwa mtihani. Mama yako alipofika kwenye thelathini na nane alikunja barua, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Alirudi baadaye akamalizia. Vinginevyo tu wazima. Fundi baiskeli amepata kibao chake kwa mwandishi mwingine, na jina la mke wa pili limeandikwa vibaya. Wa kwanza amekuja kunishukuru.

Jedwali lenu nimelielewa, na sikubaliani nalo. Mwambie mama mwenye koti kwamba binadamu hawaongei hivyo. Ulipokuwa mdogo mama yako alikuambia, ukimaliza kuosha vyombo utakwenda kucheza. Ulitoka siku gani na vyombo vichafu ukasema hukukatazwa? Ulijua. Hakutamka, lakini alisema. Mtu akikuambia ukifaulu nitakwenda, amekuambia na la pili lililo nyuma yake, na kila mwenye masikio anasikia yote mawili. Hata kibao changu: MLANGO UKIWA WAZI, NIPO. Kimekaa pale miaka ishirini. Ni nani amewahi kugonga mlango ukiwa umefungwa? Hakuna. Wote wanaelewa.

Kwa hiyo nilisema kwamba usipofaulu siendi, na hilo ndilo neno langu.

Kuna jingine, nalo linanikaa kooni. Nilipoweka ahadi ile nilishajua kwamba kwenye jaribio la kwanza ulipata thelathini na nne. Mama yako aliniambia, "Kuhusu alama za mwanangu nimekatazwa kusema chochote." Nilihesabu kwamba utafeli. Nilitafuta pa kujificha, nikajificha nyuma yako. Nisamehe.

Mjomba wako


Chumba namba 14
Tarehe 6 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama, barua hii msomee polepole, na usiruke mahali.

Imeniuma. Nimekaa na barua yako wiki mbili sijui nianzie wapi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, herufi moja moja, kwenye vipande vya mbao vilivyobaki. Halafu ukaweka tumaini lako kwenye kufeli kwangu. Nimekusamehe, lakini nilitaka uyasikie kwanza.

Sasa tuongee. Umenishinda. Binadamu hawaongei kwa jedwali, na nilipomwonyesha mwalimu hoja yako alisema wataalamu wake wanaibishania hoja hiyo mpaka leo. Kisichotamkwa nacho husemwa. Nakubali.

Basi na mimi naisoma lugha hiyohiyo. Nimezipanga barua zako zote kitandani, ile ya kurasa tisa imefika mpaka kwa jirani, na nimetafuta neno "siendi" likiwa limesimama lenyewe. Halipo. Mtu asiyetaka kwenda anasema siendi, na habari inaishia hapo. Wewe umesema unaogopa, umesema alichosema daktari, umeweka sharti, umeweka na sahihi. Mtu akiweka sharti, amesema na la pili lililo nyuma yake: nisukumeni. Kila mwenye masikio anasikia.

Chagua sheria unayoitaka. Kwa mantiki, hakuna kinachokuzuia. Kwa lugha ya watu, umeniomba nije.

Na kuhusu kibao chako, umesahau. Yuko mtu aliyegonga mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa na miaka sita, nilitaka kujua kwanini herufi O haina mwanzo. Nilijua umo ndani, nilikusikia ukikoroma. Ulifungua.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba nachukua basi la asubuhi. Madaftari ya mtihani wa marudio nitayasomea kwenye benchi la hospitali.

Kwanini


Karakana ya vibao
Tarehe 4 Oktoba

Kwako Kwanini,

Marahaba kabla hujaniamkia. Angalia barua hii: ukurasa mmoja, pande mbili, na nafasi imebaki. Hakuna aliyenisomea yako, nimeisoma mwenyewe, ingawa haikunipa kazi, kwa kuwa ilikuwa na neno moja: "Nimefaulu." Nimeisoma kama mara ishirini. Mama yako anataka kujua kwanini hukutaja sweta.

Jicho la kulia linaona mpaka nywele za brashi. Nilikwenda kuutazama ukuta wa bucha. Mpwa wangu, sijawahi kuandika vizuri namna ile maishani mwangu. Mwenye bucha amekataa usifutwe, na kinyozi nimemwandikia wake bure, ameacha kununa. Mama yako nimemwona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Akaniuliza anaonekanaje. Nikamwambia mvi zake zote zimempendeza. Akasema, "Mvi gani?"

Umefaulu, basi. Nimechora lile jedwali kwenye kipande cha mbao, nikaweka kidole kwenye mstari wetu. Nimetafuta pa kupenya, hapapo. Kwa mantiki yako na kwa lugha yangu, nimeahidi, na jicho la kushoto bado lina ukungu. Linapasuliwa Alhamisi. Usije, una masomo. Safari hii natembea mwenyewe mpaka pale, na nitavua viatu mlangoni hata kama hawajaandika.

Limebaki moja ambalo sikulisema, si njiani wala kwenye lile benchi ulipokuwa unasoma kwa sauti ukidhani unajisomea mwenyewe. Ile Jumamosi ulipofika ulikuta mlango umefungwa. Ukagonga, nikachelewa kufungua, na uliingia umefura, ukanikemea kwamba nilitaka ufikiri sipo.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango tangu alfajiri. Shati nimeshabadili, viatu nimeshavaa, kadi ya hospitali mfukoni. Kwenda peke yangu nilishindwa, na kukuita nilishindwa pia. Nilikuwa nasubiri ugonge.

Mjomba wako